Kabla ya Kununua Mzinga

Assalamu alaykum, na wote wengine hamjambo. Wazee wangu, shikamooni.

Najua wengi mmekuja na swali moja: mzinga wa nyuki ni pesa ngapi? Hilo lisubiri. Mwenye kuanza na mzinga mara nyingi huishia kufuga mijusi.

Anzeni na mahali. Nyuki chakula chake ni maua, basi jueni maua yako wapi na yanachanua lini. Sisi wa Malindi hatukunyimwa. Minazi haikosi ua mwaka mzima. Mikorosho na miembe ina misimu yake. Kule kwenye hori ya Mida kuna mchu, aina ya mkoko, na ua lake dogo hilo nyuki hulifuata kwa fujo. Tena tuna msitu wa Arabuko-Sokoke. Pale Gede, mradi wa Kipepeo ulioanza 1993 kwa ajili ya vipepeo umeuza pia asali ya wanavijiji wanaopakana na msitu.

Baada ya maua, maji. Wekeni beseni lenye vijiti ndani wapate pa kutua wasizame, la sivyo watahamia bomba la jirani, na jirani atahamia kwa chifu. Kisha kivuli, na mlango usitazame upepo wa kusi.

Sasa mzinga. Kwa anayeanza napendelea ule wa viunzi uliobuniwa hapa Kenya miaka ya 1970, wenye mbavu za mshazari na vipande vya mbao vilivyopangwa juu, ndivyo viunzi vyenyewe. Mwambieni fundi kila kiunzi kiwe na upana wa milimita 32. Atawaambia "hata 40 ni sawa." Si sawa! Kikizidi, nyuki wetu huunganisha sega na kiunzi cha pili, na siku ya kurina mtararua kila kitu. Pakeni nta chini ya viunzi, mzinga uning'inizwe kwa waya, waya zipakwe grisi kuzuia siafu. Kisha ngojeni kundi liingie lenyewe.

Nyuki wa Afrika ni mkali, sitawadanganya. Akiudhiwa sana huhama, kundi zima. Kwa hiyo wakishaingia, zuieni mikono; hamu ya kuchungulia kila asubuhi ndiyo hufukuza makundi mengi. Na mbuzi au punda asifungwe kamba karibu na mizinga kamwe. Binadamu atakimbia, yeye atakimbilia wapi?

Kurina ni jioni, mmevaa kinga, na bomba la kufukizia moshi. Makumbi makavu ya nazi yanatosha, wala msichome mpira au plastiki. Kateni masega yaliyozibwa kwa nta tu: yaliyo wazi asali yake bado ina maji, itachacha. Yenye majana, yaani watoto wa nyuki, rudisheni, na asali kiasi waachieni wenyewe.

Mama pale nyuma ameuliza kuhusu kuumwa. Kwangueni mwiba kwa ukucha upesi, mwondoke hapo. Anayevimba uso au kubanwa pumzi apelekwe hospitali mara moja, asingojee dawa ya nyumbani.

Haya, swali la bei sasa. Nani ana fundi wake?