Korongo Asiyesafiri Mbali

Assalaam aleikum, na wote hamjambo.

Humu ukumbini najua wapo ambao babu zao walivuka na majahazi kutoka Kutch, kule India. Huko kwao, kaskazi ikivuma huku kwetu, huwa ameshatua korongo mdogo kuliko korongo wote duniani: wa kijivu, ana shungi jeupe nyuma ya kila jicho. Huzalia nyika za Mongolia na Kazakhstan, kisha baridi ikikaribia huvuka milima ya Himalaya, tai wakimvizia njiani. Kijiji cha Khichan, Rajasthan, wenyeji humwagia nafaka, nao hutua kwa maelfu.

Wetu, korongo taji, yule wa bendera ya Uganda, hana safari hizo. Huhamahama tu kufuata mvua. Huku Pwani ni nadra. Makao yake ni nyanda za juu na magharibi ya Kenya. Na tafadhali, msimchanganye na yangeyange wanaofuata ng'ombe!

Tago lake hulijenga kwa matete na nyasi katikati ya kinamasi, maji yamelizunguka. Mayai ni mawili au matatu, na mume na mke hupokezana kuatamia kwa takriban mwezi mzima. Wakienda malishoni, kwenye nyasi fupi au shambani, hukanyagakanyaga ardhi kwa vishindo; panzi wakishtuka, wanadonolewa. Usiku hulala juu ya mti, kwa kuwa kidole cha nyuma ni kirefu, kinashika tawi. Korongo wa Himalaya hawezi hilo, hulala chini.

Sasa, msafiri wa Himalaya hayumo katika orodha ya ndege walio hatarini duniani. Huyu wetu akaaye nyumbani aliingizwa daraja la walio hatarini kutoweka mwaka 2012. Kinamasi kikichimbiwa mitaro, maji yakatoka, pakalimwa, hana pa kutagia. Nyaya za umeme nazo humuua. Na wapo wanaoiba makinda wakauze, ati ni pambo la bustani. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana halimlishi mtu aliye na njaa.

Rwanda waliwakusanya waliokuwa wakifugwa majumbani na mahotelini. Wenye afya walirudishwa porini kupitia hifadhi ya Akagera. Waliokatwa mbawa walitengewa mahali Kigali, maana hawataruka tena.

Kwa hiyo ukimkuta kwenye bustani ya hoteli, muulize meneja alimtoa wapi, na kibali akuonyeshe. Haya, maswali.