Siku 28 Zinaanza Kuhesabiwa Lini? Lebo na Hifadhi ya Dawa katika Nyumba za Wazee Marekani

Shikamooni wakubwa zetu, na nyinyi vijana hamjambo.

Leo tunazungumzia dawa katika nyumba za wazee hapa Marekani, ambako ndugu zetu wengi ni wauguzi na wahudumu. Waliotoka Kenya wanajua kule jina la Kiingereza la nyumba hizi, nursing home, hubandikwa hospitali ndogo za binafsi. Hapa ni makao: mzee anaishi humo na dawa zake zinaishi naye, miezi na miaka. Kwa hiyo kosa dogo la lebo linapata muda wa kukomaa.

Kanuni ya serikali kuu ni fupi. Dawa iwe na lebo sahihi, maelekezo na tarehe ya mwisho. Ikae penye kufuli na joto linalofaa. Ufunguo awe nao aliyeruhusiwa peke yake. Mkaguzi akikuta kasoro anaiandika chini ya namba F761, na mara nyingi anachokuta ni kichupa kilichofunguliwa bila kuandikwa tarehe.

Tarehe ya kiwandani inahusu kichupa kilichofungwa na kutunzwa vizuri. Ukitoboa kizibo kwa sindano, hesabu mpya inaanza. Kichupa cha dozi nyingi ni siku 28, isipokuwa mtengenezaji ameandika vinginevyo, na huandika kweli. Chukueni insulini, dawa ya kushusha sukari. Lantus ni siku 28, tena hata usipoitoboa, ikishakaa nje ya friji siku zinahesabika. Tresiba ni 56. Humulin N ya kichupa ni 31, lakini ya kalamu, ile sindano yenye insulini ndani yake, ni 14! Dawa ni ileile, chombo tofauti. Dawa ya kupima kifua kikuu ni siku 30, na matone ya macho ya latanoprost wiki 6. Msikariri, bandikeni jedwali la mfamasia mlangoni mwa chumba cha dawa.

Andikeni tarehe mbili: ya kufungua na ya kutupa. Iliyofunguliwa Machi 1 kwa siku 28 inatupwa Machi 29. Na mwezi uandikwe kwa herufi. Sisi tumezoea kuanza na siku, Wamarekani wanaanza na mwezi. Ukiandika 4/5 ukimaanisha tarehe 4 Mei, mwenzako anasoma Aprili 5, na dawa ambayo bado ni nzima inatupwa. Mwandishi akiwa Mmarekani na msomaji wewe, insulini iliyopaswa kutupwa inaendelea kuchomwa, na sukari inapanda bila mtu kujua sababu.

Lebo ya kalamu ya insulini ibandikwe kwenye mwili wa kalamu, kamwe si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Kalamu ni ya mtu mmoja. Kubadilisha sindano hakutoshi, kwa sababu damu huweza kurudi ndani ya kalamu. Kalamu isiyo na jina haina mwenyewe, itupwe.

Friji iwe kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, yaani 36 hadi 46 za Farenihaiti, na isomwe na kuandikwa kila siku. Msiweke insulini mlangoni, wala karibu na sehemu ya barafu. Iliyoganda ikayeyuka huweza kuonekana safi kabisa huku nguvu yake imeharibika. Chakula kikae friji nyingine.

Daktari akibadilisha dozi, muuguzi asikwaruze lebo ya famasia wala kuandika juu yake. Abandike kibandiko cha kuonya kuwa maelekezo yamebadilika, asome agizo jipya, kisha aombe lebo mpya.

Toroli la dawa lifungwe kwa kufuli kila unapoligeuzia mgongo, hata kama unaingia chumbani dakika moja tu.

Dawa kali za maumivu, na nyingine zinazoweza kutumiwa vibaya, zinataka kufuli ya pekee, ndani ya sehemu iliyokazwa isibebeke. Mojawapo ni lorazepam, dawa ya kutuliza wasiwasi. Ile ya maji huwekwa kwenye friji, na hapo ndipo watu huteleza: kisanduku kina kufuli, lakini kinabebeka chote kwapani. Kikazwe kwenye rafu. Zamu zikibadilishana, wawili wahesabu pamoja, mmoja ameshika kadi ya vidonge, ile yenye kishimo kwa kila kidonge, mwingine daftari. Geuzeni kadi mtazame mgongo wake. Kishimo kilichozibwa kwa selotepu huenda kina kidonge kingine kabisa, na hesabu bado itatimia. Mkikiona, msisaini, mwiteni msimamizi kabla zamu ya kwanza haijaondoka.

Haya, maswali.