Kira ilivyogeuka mji, na pesa zake zinakaa wapi

Ndugu zangu asanteni kwa kuja. Wengi wetu tunaoongea Kiswahili hapa Kira, manispaa hii ya pembeni ya Kampala, Uganda, ni wapangaji, tunalala hapa, asubuhi tunapanda teksi kwenda Kampala, kwa hiyo mji tunaulalia tu, wanaouendesha hatuwajui.

Zamani huku kulikuwa vijiji vya Kyaddondo, kaunti ya ufalme wa Buganda. Namugongo ndo inajulikana zaidi, pale Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, aliamuru wakristo wachomwe tarehe 3 Juni 1886, akina Karoli Lwanga, na mpaka leo kila 3 Juni barabara zinafurika mahujaji. Ila mahujaji wanarudi kwao jamani, kilichoigeuza Kira ni ardhi. Mkataba wa 1900 wa Waingereza na Buganda ulimgawia Kabaka na machifu ardhi kwa maili za mraba, ndo hii mailo, sasa wajukuu wakaja kuuza vipande vya futi 50 kwa 100, huyu kauza bila kuacha njia, yule kanunua kajenga ukuta mpaka mwisho wa mpaka wake, matokeo yake mnayaona wenyewe, magari mawili yakikutana mmoja anarudi rivasi mpaka kwenye geti la jirani. Manispaa ikitaka kupanua hiyo njia haina hata inchi moja pale, lazima ikaongee na kila mwenye ukuta, na watu wanadai fidia, na mimi siwalaumu.

Watu nao hawakungoja. Sensa ya 2014 ilikuta watu 317,157, zaidi ya mara mbili ya 2002, halafu manispaa yenyewe imekuja baadaye. Yaani nyumba kwanza, ofisi baadaye.

Sasa uongozi. Hizi LC, yaani mabaraza ya mitaa, zilianza kwenye vita vya msituni vya Museveni kule Luwero zikiitwa RC, sheria inayotuongoza leo ni ya 1997. Mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, mnamjua, ndo wa muhuri na barua, kumchagua 2018 watu walipanga mstari nyuma ya mgombea wao barabarani, hakuna karatasi. Lakini pesa haziko kwake! Ziko divisheni, yaani sehemu zinazogawa manispaa, na Kira ina tatu: Kira, Namugongo na Bweyogerere. Divisheni ndo inakusanya leseni za biashara na kodi ya majengo, inabaki na asilimia 50, nusu inapanda manispaa. Na kodi ya majengo mwenye nyumba anayeishi mwenyewe ndani halipi, inalipiwa nyumba ya kupangisha, kwa hiyo imo kwenye rent yako wewe uliyekaa hapo mbele ukidhani hayakuhusu.

Ndo maana inaniuma nikiona mtaro umeziba Bweyogerere watu wanamgombeza mwenyekiti wa kijiji wa watu. Nenda divisheni, mtafute diwani wako, muulize mtaro huo umeandikwa kwenye bajeti au haumo, na uende mapema, maana mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai na ukifika Agosti utaambiwa pesa zimeshapangwa. Haya, maswali, tuanze na mama pale mlangoni.