Awike au Asiwike?

MWANAISHA: Tumerudi, jamani. Kazungu leo kaja na karatasi, kwa hiyo tuombeane.

KAZUNGU: Nimejipanga, dada. Leo ni namna ya kusoma hadithi fupi nzuri ukajifunza kuandika yako. Yalinikuta wiki hii. Mpwa wangu, yule wa kidato cha tatu, kaniletea hadithi ya shindano la shuleni. Mstari wa kwanza: majogoo yanawika, jua linachomoza mashariki.

MWANAISHA: Lingechomoza magharibi, hapo tungekuwa na hadithi.

KAZUNGU: Na kisa chote kinatokea usiku! Namwuliza, jogoo wa nini? “Mjomba, si ndivyo insha inavyoanza.”

MWANAISHA: Mwache mtoto. Jogoo huyo kamwamsha kila mtahiniwa wa KCSE hapa Kenya. Mimi mwenyewe aliniamsha.

KAZUNGU: Basi nikampa Chekhov, yule daktari Mrusi. Hadithi yake ya 1886 ya Iona, mwenye gari la farasi. Kafiwa na mwanawe. Theluji inamwangukia, abiria wanapanda, na kila akitaka kusema “mwanangu amekufa,” hakuna wa kumsikiliza. Mwisho anakwenda zizini kumsimulia farasi wake.

MWANAISHA: Ile nilipoisoma ilinikaba koo.

KAZUNGU: Nikamwambia aisome mpaka aone imeshonwaje. Iona anajaribu kwa afisa, hapati. Kwa vijana watatu wa ulevi, hapati. Kila mlango unapofungwa, msiba unazidi kumlemea, na unauona kwa yanayomtokea, si kwa kuambiwa tu kwamba ana huzuni. Mwaka huohuo Chekhov alimwandikia kakake Alexander kwamba ukitaka usiku wa mbalamwezi, onyesha kigae cha chupa kinavyometa kwenye ukingo wa bwawa la kinu, usiku utakuja wenyewe.

MWANAISHA: Kigae badala ya jogoo. Haya, mtoto kaandika nini?

KAZUNGU: Dereva wa tuktuk, Likoni, Mombasa. Kafiwa. Anabeba watu kutoka feri mpaka usiku, kila mmoja yuko kwenye simu. Anarudi kwake, anakaa uani, anamsimulia…

MWANAISHA: Usiniambie.

KAZUNGU: …jogoo.

MWANAISHA: (anacheka) Kazungu! Huyo mtoto apewe zawadi leo!

KAZUNGU: Ngoja. Kamaliza hivi: dereva akinyamaza, jogoo anawika. Nikamwambia amfute. Asiwike.

MWANAISHA: Kwa nini asiwike?

KAZUNGU: Farasi wa Iona alifanya nini? Anatafuna, anasikiliza, anampumulia mikononi. Basi. Ukimfanya mnyama ajibu, umemfariji msomaji bure.

MWANAISHA: Farasi ni wa Iona. Huyu ni jogoo wa Likoni.

KAZUNGU: Saa sita za usiku?

MWANAISHA: Njoo ulale kwetu Kisauni uone! Wa jirani anaanza saa saba. Wanasema jogoo wa shamba hawiki mjini, huyo hajaambiwa. Ananyamaza kidogo, unashukuru Mungu, unageuza mto, anaanza tena. Mume wangu keshataja bei.

KAZUNGU: Ya kumnunua?

MWANAISHA: Ya kumtia mchuzi wa nazi. Jirani kakataa, ati huyo ndiye saa yake.

KAZUNGU: Kidari au paja?

MWANAISHA: Jogoo mzee? Supu, na aanze kuchemshwa tangu asubuhi. Lakini usinitoe njiani. Jogoo hapumulii mtu mikononi, Kazungu. Anawika. Kumnyamazisha kwa sababu farasi wa Urusi alinyamaza ni kukariri, na huko ndiko alikotoka yule jogoo wa mstari wa kwanza.

KAZUNGU: Hapana. Yule alikaririwa bila kujua kazi yake. Ukimya wa farasi una kazi, ndio unaoibeba hadithi nzima.

MWANAISHA: Na kuwika kuna kazi. Mtu kamwaga moyo wake, anajibiwa kwa kelele ileile ya kila siku. Hiyo ni faraja?

KAZUNGU: Msomaji atacheka.

MWANAISHA: Acheke! Halafu kicheko kimkwame.

KAZUNGU: Hajafika hapo bado. Ashike kwanza ya mwenzake, atavunja akishaweza.

MWANAISHA: Huyo keshavunja, wewe unamrudisha zizini. Kama ni mimi ningempa hadithi nyingine ishirini, asome huku amelala chali, na shauri la jogoo aamue mwenyewe.

KAZUNGU: Ishirini za kupitia juujuu hazimfundishi kama moja aliyoifumua.

MWANAISHA: Sikubali.

KAZUNGU: Wala mimi.

MWANAISHA: Mwalimu wake kamwambiaje?

KAZUNGU: Mwalimu anasema awike, ila alfajiri.

MWANAISHA: (anacheka) Yarabi!

KAZUNGU: Dakika ngapi zimebaki? Sijasoma hata somo moja hapa.

MWANAISHA: Wenye studio baada yetu wanagonga mlango.

KAZUNGU: La kwanza tu, ni fupi. Linahusu mwanzo wa…

MWANAISHA: Wamelipia saa yao, Kazungu. Toa hivyo vipokea sauti.