Darubini ya kompyuta inaelekea pasipotakiwa: pima kosa kwanza

Karibu, mtazamaji. Umeiambia darubini ikupeleke kwenye Mshtarii, mota zimenguruma, rimoti imeandika kwamba imefika, lakini ukichungulia kwenye lenzi ni giza tupu. Wengi wakifika hapa huzima, huwasha, huanza upya kulinganisha nyota, yaani kuionyesha darubini nyota zinazojulikana ili ijue anga limekaaje, na kosa lile lile linarudi. Leo tutakwenda kwa njia nyingine. Kabla ya kugusa skrubu yoyote tutapima darubini imekosea kwa kiasi gani na upande gani, kwa sababu vitu hivyo viwili ndivyo vinavyoonyesha hitilafu iko wapi.

Hakikisha kwanza stendi imeanza katika nafasi inayotakiwa. Kama yako ni ile inayozunguka kushoto na kulia, kisha ikapanda na kushuka, mara nyingi bomba la darubini hutakiwa kutazama kaskazini likiwa limelala sawa. Weka pima maji juu ya tripodi, siyo juu ya bomba, na ufupishe au urefushe miguu mpaka kiputo kikae katikati. Ukitumia dira, simama nayo hatua kadhaa kutoka kwenye stendi, maana chuma na mota huivuta sindano. Kama yako ni stendi ya ikweta, ile yenye mhimili ulioinamishwa kufuata mhimili wa Dunia, uzito wa kusawazisha uwe chini na bomba litazame ncha ya anga, mahali nyota zinapoonekana kuzunguka: ya kaskazini ukiwa kaskazini mwa ikweta, ya kusini ukiwa kusini. Darubini iliyokwenda upande wa pili kabisa wa anga, karibu nyuzi 180, mara nyingi ilianza ikiwa imegeuzwa.

Sasa washa, anza kulinganisha, chagua nyota angavu unayoijua vizuri, iache stendi iende yenyewe. Ikisimama, usiisahihishe. Simama nyuma yake, nyoosha mkono mbele ya uso. Upana wa kidole cha mwisho ni kama nyuzi 1. Ngumi ni kama nyuzi 10. Viganja tunatofautiana, lakini kwa kazi hii kipimo hicho kinatosha. Pima kutoka mahali bomba linapotazama hadi nyota ilipo, uandike nyuzi ngapi na upande gani.

Umepata ngumi moja na nusu, yaani nyuzi 15, kuelekea mashariki au magharibi? Hilo ni kosa la saa moja. Dunia hujizungusha nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo kila dakika 4 za kosa kwenye saa zinakutoa nje kwa nyuzi 1. Fungua mipangilio ya muda. Angalia ukanda wa saa, kisha kile kipengele cha saa za kiangazi, ambacho ndicho ninachokishuku kabla ya vyote. Kama nchi yako haisogezi saa mbele wakati wa kiangazi, kizimwe. Bomba likiwa magharibi ya nyota, rimoti inadhani muda umekwenda mbele kuliko ulivyo. Likiwa mashariki, inadhani muda uko nyuma. Na saa iingizwe kwa mtindo wa saa 24: saa mbili usiku ni 20:00.

Kosa likiwa kubwa sana, pengine bomba linainama kuelekea ardhini kana kwamba nyota haijachomoza, nenda kwenye tarehe. Rimoti nyingi, zikiwemo za chapa za Celestron na SynScan, hutaka mwezi uandikwe kabla ya siku. Ukiandika tarehe 5 Machi kwa mazoea, siku kwanza, yenyewe inasoma tarehe 3 Mei. Hizo ni siku 59, na kwa kuwa anga la usiku husogea karibu nyuzi 1 kila siku, bomba litakosea kwa nyuzi zipatazo 58. Kuanzia tarehe 13 rimoti inaweza kukataa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, lakini siku 12 za mwanzo wa kila mwezi inapokea kimya kimya.

Kama unategemea kipokezi cha GPS cha zamani, usiiamini tarehe kabla ya kuisoma mwenyewe kwenye skrini. GPS huhesabu wiki hadi 1024 kisha inaanza tena sifuri, na ilifanya hivyo tarehe 6 Aprili 2019. Baadhi ya vipokezi vilivyotengenezwa kabla ya hapo vilirudi nyuma karibu miaka 20. Sasisha programu ya ndani kama mtengenezaji ameitoa; kama hakuna, zima GPS uingize tarehe kwa mkono.

Ukishamaliza mipangilio ya muda, kagua mahali ulipo kama palivyoandikwa kwenye rimoti. Longitudo ya nyuzi 30 mashariki ikiandikwa magharibi inazaa kosa la nyuzi 60, yaani mara mbili yake. Latitudo ya kusini ikiandikwa kaskazini hukosesha kimo, na kwenye stendi ya ikweta hata ufuatiliaji wa nyota unaweza kwenda kinyume. Angalia pia kama rimoti inataka dakika (hapa ni sehemu ya 60 ya nyuzi, siyo za saa) au desimali. Nyuzi 30.5 ni nyuzi 30 na dakika 30. Ukiandika dakika 50 umejiongezea theluthi ya nyuzi bila kujua.

Kama stendi yako hutaka wewe mwenyewe uipeleke kwenye nyota ya kwanza, makosa haya utayaona kwenye nyota ya pili, ingawa nyuzi hazitatoka kamili kama nilivyozitaja. Na kuna dalili moja ambayo watu hawaitilii maanani: nyota zote zinapatikana vizuri, ila Mwezi haupatikani. Hapo muda au tarehe ina kosa ambalo ulinganishaji umelifunika. Mwezi husogea karibu nyuzi 13 kwa siku kati ya nyota, kwa hiyo tarehe ikikosea siku moja tu, utautafuta mahali ulipokuwa jana au utakapokuwa kesho.

Tuseme data yote ni sahihi na bado inakosea. Fanya jaribio hili, ambalo mimi nalithamini kuliko yote kwa sababu linatenganisha mitambo na hesabu. Weka nyota katikati ya lenzi na uithibitishe. Itume darubini upande mwingine wa anga, kisha uiambie irudi kwenye nyota ile ile. Ikirudi mahali pake, mitambo ni mizima. Tatizo liko kwenye ulinganishaji. Isiporudi, kuna kitu kinateleza au umeme hautoshi.

Kwa kuteleza, kaza klachi zote mbili, yaani vibano vya mihimili ya stendi, ila usizikaze kwa nguvu zako zote. Sawazisha bomba, hasa kama umefunga kamera. Tazama nyaya hazijashika mguu wa tripodi, na miguu yenyewe haizami kwenye udongo laini. Stendi nyingi haziwezi kujua kwamba umelisukuma bomba kwa mkono, kwa hiyo ukilisukuma baada ya kulinganisha, kazi yote imepotea.

Kwa umeme, itazame skrini ya rimoti wakati mota zote mbili zinaanza kukimbia. Taa yake ikififia, au rimoti ikijizima na kujiwasha, volti zinashuka. Betri ndogo za AA zinaweza kuwasha taa vizuri na bado zishindwe kuzungusha mota. Tumia betri kubwa ya volti 12, na utikise plagi kidogo kuona kama inalegea kwenye tundu.

Jaribio likionyesha kwamba mitambo ni mizima, tunabaki na namna unavyolinganisha. Swali la kwanza: je, ile ndiyo nyota yenyewe? Castor na Pollux zimetengana chini ya nyuzi 5. Alpha Centauri na Hadar vilevile. Na sayari angavu kama Mshtarii hudhaniwa kuwa nyota kila mara. Chagua nyota zisizoweza kuchanganywa, Sirius kwa mfano, na ziwe zimeachana sana, karibu nyuzi 90 ikiwezekana, zisiwe chini kabisa karibu na upeo wala juu kabisa ya kichwa.

La pili ni ile darubini ndogo ya kutafutia. Kama haitazami mahali pamoja na bomba kubwa, utathibitisha nyota ya jirani. Ilinganishe mchana kwa kitu cha mbali sana, mlingoti au kilele cha mlima, na usilielekeze bomba karibu na Jua hata kidogo. Jicho linaharibika papo hapo.

Sasa sogea hapa karibu uone ninavyoweka nyota katikati. Kwanza ninaivuruga fokasi mpaka nyota iwe duara kubwa linalokaribia kujaza lenzi, kwa sababu duara ni rahisi kuliweka katikati kuliko nukta. Kisha ninasogeza kwa kasi ndogo, nikimalizia kwa kitufe cha juu na cha kulia tu. Nikipitiliza, ninarudi nyuma kwa cha chini na cha kushoto, halafu ninakuja tena kwa juu na kulia. Meno ya gia yana mwanya kati yake, na ukimalizia kila mara upande mmoja, mwanya huo haukuibii chochote. Rimoti za SynScan na Celestron kwa kawaida hutaka hivyo; yako ikitaja vitufe vingine, fuata hivyo.

Limebaki kosa moja la wanaoongoza darubini kwa kompyuta: kila kitu kinakosewa kidogo, theluthi ya nyuzi hivi, chini kidogo ya upana wa Mwezi mpevu. Mhimili wa Dunia huyumba polepole, ukikamilisha mzunguko kwa takriban miaka 26,000, kwa hiyo namba za mahali pa nyota hubadilika kidogo kidogo, na orodha nyingi za nyota zimeandikwa kwa namba za mwaka 2000. Programu moja ikituma namba za mwaka 2000 na stendi ikizisoma kama za leo, tofauti inakuwa hiyo. Weka pande zote mbili zitumie mwaka mmoja.

Ukishasahihisha, futa ulinganishaji wa zamani, rudisha bomba kwenye nafasi ya kuanzia, ulinganishe upya. Jaribu vitu vitatu: mashariki, magharibi na karibu na katikati ya anga, ukitumia lenzi ya kuchungulia iliyoandikwa milimita 25 au zaidi ili uone eneo pana. Vikipatikana viwili na cha tatu kikatoka nje, andika ni kipi na kwa nyuzi ngapi. Fundi akiletewa stendi pamoja na namba hizo, atajua aanze kufungua wapi.