Malkia Catherine na barua ya wakulima wawili

Wazee wangu shikamooni, na vijana hamjambo. Nimeombwa nimzungumzie Catherine wa Pili wa Urusi, yule aliyeitwa Mkuu. Habari za vita vyake, za Crimea na za kugawanywa kwa Poland, mtazisoma wenyewe. Mimi nitang'ang'ania zaidi mwaka mmoja, 1768.

Kwanza, hakuwa Mrusi. Alizaliwa 1729 Stettin, mji ambao leo uko Poland, akaitwa Sophie, binti wa ukoo mdogo wa kifalme wa Kijerumani. Akapelekwa Urusi akiwa na miaka 14 kuposwa na mrithi wa kiti. Akabadili dhehebu, akabadili jina, akakesha akijifunza Kirusi. Mwaka 1762 akampindua mumewe huyohuyo, Peter wa Tatu, na siku chache baadaye mume akafa mikononi mwa walinzi wake. Haya, tusonge.

Huyu alikuwa msomaji hasa. Diderot, mwanafalsafa wa Ufaransa, alipokwama kifedha, Catherine aliinunua maktaba yake yote ya vitabu, kisha akamwachia aitumie na kumlipa mshahara wa kuitunza! Inasimuliwa kwamba baadaye alimwambia: wewe unaandika kwenye karatasi, nayo huvumilia kila kitu, mimi naandika kwenye ngozi za watu.

Ngozi ya kwanza ilikuwa yake. Ndui aliiogopa tangu utotoni, na ilikuwa imemharibu mumewe uso kabla ya harusi. Kinga ya enzi hizo ilikuwa kuchanja mkono wa mtu mwenye afya na kupaka usaha wa mgonjwa wa ndui. Wengine walikufa kwa kinga yenyewe. Oktoba 1768, kwa siri, daktari Mwingereza Thomas Dimsdale alimchanja kwa usaha wa mvulana mdogo, Alexander Markov. Yasemekana farasi waliwekwa tayari njiani, daktari aponyoke iwapo malkia angekufa. Akapona, akamchanja na mwanawe Paul, na yule mvulana akapandishwa daraja la makabaila. Hapo nampa heko bila kinyongo.

Oktoba hiyohiyo, Moscow, mwanamke kabaila Darya Saltykova alisimamishwa jukwaani saa nzima, kibao kifuani kikimtaja kuwa mtesaji na muuaji. Alithibitika kuwaua watwana wake 38, yaani wakulima na watumishi aliowamiliki, wengi wao wanawake na wasichana, kosa lao mara nyingi sakafu isiyosuguliwa vizuri. Akafungwa maisha. Kesi ilianzaje? Wakulima wake wawili walitoroka 1762 wakafikisha barua kwa malkia mpya. Mmoja alikuwa ameuliwa wake watatu, mmoja baada ya mwingine. Malalamiko ya awali maofisa walikuwa wameyafukia kwa hongo.

Sasa sikilizeni vizuri. Agosti 1767, huku wajumbe zaidi ya 500 wakikutana Moscow kujadili sheria mpya kwa mwongozo aliouandika malkia mwenyewe, ilitoka amri: mtwana atakayemshtaki bwana wake kwa malkia, viboko na kazi ngumu Siberia. Barua kama ile ya wale wawili ikawa jinai, kesi yao ikiwa bado haijahukumiwa.

Mwaka 1773 akatokea Pugachev, Mkosaki, yaani mtu wa jamii za wapiganaji wapanda farasi wa mipakani mwa Urusi, asiyejua kusoma, akajitangaza kuwa ndiye Peter wa Tatu, mume yule aliyekufa, kwamba hakufa. Watwana wakamfuata kwa maelfu.