Kujiandaa kwa Harusi Bila Kujitesa kwa Njaa

Wazazi wetu, akina shangazi na akina somo mnaowafunda mabibi harusi mliofika, mabibi na mabwana harusi watarajiwa, nawashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie namna ya kupunguza uzito kabla ya harusi, nami naomba ruhusa ya kulipanua kidogo ombi hilo, kwa kuwa anayejiandaa kwa harusi anajiandaa pia, apende asipende, kwa miezi inayofuata baada ya harusi.

Katika miji yetu ya pwani, bibi harusi alikuwa akiwekwa ndani siku kadhaa kabla ya ndoa, akisuguliwa singo, yaani mchanganyiko wa manukato wa kulainisha ngozi, akipumzishwa na kulishwa vizuri ili atoke amenawiri. Siku zile zile ndizo ambazo bibi harusi wa leo anashinda na maji ya ndimu na vipande vya tango. Sisemi turudi kumfungia mtu chumbani, maana mwili usiotembea haupati nguvu. Ila wazee walijua kwamba ngozi, nywele na uchangamfu vinatokana na chakula.

Kasi inayokubaliwa na wataalamu wengi wa afya ni kupunguza nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Kwa hiyo anayetaka kupunguza kilo 8 anahitaji miezi miwili hadi minne, na aliyebakiwa na wiki tatu aambiwe mapema kuwa hazitamtosha. Anayeacha wanga ghafla huona mizani imeshuka ndani ya siku chache akashangilia, kumbe sehemu kubwa ya kilichotoka ni maji, kwa sababu kila gramu ya wanga uliowekwa akiba kwenye ini na misuli huhifadhiwa pamoja na gramu 3 hivi za maji, nayo hurudi pindi anaporudia mlo wake wa kawaida. Akiendelea kujinyima kwa ukali atapoteza misuli, anaweza kupata mawe kwenye kifuko cha nyongo, na nywele zinaweza kuanza kunyonyoka miezi miwili au mitatu baadaye, wakati picha zimekwisha kupigwa na yeye yuko kwake.

Hata hivyo, hofu yangu kubwa si nywele. Wengi wenu mtatarajia mimba mapema baada ya ndoa, na hapa Tanzania zaidi ya wanawake wanne katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Mfereji ambao unakuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga katika wiki nne za mwanzo tangu mimba kutungwa, mara nyingi kabla mama hajajua kuwa ni mjamzito. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linashauri mikrogramu 400 za asidi ya foliki, ambayo ni aina ya vitamini B, kila siku tangu mwanamke anapoanza kutafuta mimba hadi wiki ya 12 ya ujauzito. Aliyejikondesha kwa kujinyima chakula huingia katika kipindi hicho akiwa hana akiba ya virutubisho mwilini. Na kwa wale wanaotumia sindano za semaglutide, dawa ya kupunguza uzito, ambazo sasa zinazungumzwa kila mahali, jueni kuwa zinapaswa kuachwa angalau miezi miwili kabla ya kutafuta mimba, tena chini ya uangalizi wa daktari.

Chakula kinachofaa kiko sokoni kwetu. Ugali ubaki, lakini upungue, na nusu ya sahani iwe mchicha, matembele au kisamvu, pamoja na maharage, choroko, dagaa au samaki. Angalieni zaidi mafuta yanayomiminwa kwa kukadiria, maana kijiko kikubwa kimoja kina kalori 120 hivi, na mkono wa mpishi mkarimu humimina vinne bila kufikiri. Soda ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari, wakati gramu 25 kwa siku ndizo zinazopendekezwa kwa afya bora zaidi.

Kuhusu mazoezi, dakika 150 hadi 300 za kutembea kwa haraka kila wiki zinatosha, pamoja na siku mbili za mazoezi ya nguvu, kama vile kuchuchumaa na kuinuka, ambayo yanawezekana hata uani.

Mabwana harusi nao wasijifiche. Vikao vya kamati hufanyika kila wiki kwa miezi kadhaa, vikiambatana na nyama choma, chipsi na bia, na nimeona suti zikipanuliwa mara nyingi kuliko magauni. Kamati inayoweza kukusanya michango ya mamilioni inaweza pia kukutana baada ya watu kula nyumbani.

Gauni lishonwe kwa mwili mlio nao, na kipimo cha mwisho kifanyike wiki mbili kabla, au mchague lenye kamba za mgongoni. Asubuhi ya siku yenyewe, bibi harusi ale uji, mayai na ndizi kabla ya kwenda saluni, na mpambe wake abebe maji na korosho, kwa sababu kati ya saluni na ukumbini hupita saa nyingi ambazo hakuna anayekumbuka kumlisha. Sasa nayapokea maswali yenu, na ningependa mabwana harusi waanze.